Sauti Tatu Bichini

Kinyozi wangu wa mtaa wa Mulongwe, hapa Uvira, hataki mpira kwenye televisheni yake. Siku moja wateja wawili walishikana mashati kwa sababu ya penalti, kioo kikubwa kikapasuka, na tangu hapo akaapa kwamba kwake wataonyeshwa wanyama tu. "Nyama haziko na timu," alituambia. Ukienda kunyolewa unawakuta mamba, tembo, nyani, na zaidi ya wote simba. Maneno ya filamu ni ya Kifaransa, na kwa kuwa nilifika mwaka wa nne wa sekondari kabla ng'ombe wa baba hawajatuishia, nimekuwa mkalimani wa saloni bila kuajiriwa na mtu.

Kazi yangu halisi ni ulinzi wa mchana kwenye ghala la simenti, hatua chache kutoka hapo. Ni kazi ya kukaa. Mke wangu alivuka kwenda Bujumbura kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Mwezi mmoja tu, alisema, na mtoto huyo sasa anakimbia. Nywele zangu zikichomoza kidogo nakwenda saloni, na zisipochomoza nakwenda vilevile. Kinyozi anajua, hunisogezea kiti bila kuniuliza kama nanyoa.

Filamu iliyoniharibia mwaka huu ilikuwa ya simba dume watatu. Wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wa tatu alikuwa na manyoya meusi shingoni, ametoka kwingine kabisa, wakakutana njiani na kuunganika. Tuliitazama vipande vipande, kwa siku nyingi, kwa sababu umeme wa Uvira una tabia zake.

Siku ya kwanza dereva mmoja wa pikipiki, povu la sabuni likiwa bado kidevuni, alinikatiza nikiwa natafsiri. "Aa papa, weye unatudanganya. Simba njo mufalme. Mufalme anakalaka ye moja."

Nikawaka. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili chini ya ulimi. Nikamwambia kwamba simba dume akiwa peke yake si mfalme wa kitu chochote, ni mkimbizi mwenye nywele nyingi. Dume hukulia katika kundi la mama yake na mama zake wadogo. Akifikisha mwaka wa tatu hivi, manyoya yakianza kuota shingoni, wakubwa wenye kundi huanza kumtazama vibaya, na mwisho humfukuza. Wakiondoka wawili au watatu pamoja, wana bahati. Akiondoka mmoja, atafute mwingine aliyefukuzwa kwao, hata asiye wa damu yake, washikane. Maana kila nchi yenye majike na windo ina wenyewe tayari, na wenyewe hao ni wawili, watatu, wakati mwingine hata zaidi. Mmoja hawezi kuwatoa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

"Simba mwenda pole ndiye mla nyama," dereva akanitania.

"Mwenda pole na wenzake," nikamjibu, na nilisema kwa ukali uliozidi jambo lenyewe. Kinyozi akanitazama kupitia kioo. Alijua sababu, kama wanavyoijua wengi wa mtaa ule. Mimi pia nilikuwa mmoja wa watatu.

Mimi na mdogo wangu tulizaliwa Bijombo, juu milimani. Baba alikuwa na ng'ombe wachache, kisha wakawa wachache zaidi, na asubuhi moja alituita zizini akatuambia kwamba malisho hayatawatosha watoto wote wa kiume wa nyumba ile. Hakushika fimbo. Alitupa mfuko wa mahindi ya kuchoma na akatuombea maombi marefu, na maombi yale yalikuwa fimbo tosha. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mdogo wangu kumi na tisa. Tulishuka bila kugeuka nyuma, kwa sababu tulijua baba bado amefumba macho.

Tulizunguka miaka miwili katika bonde la Ruzizi tukilima mpunga wa watu. Tulilala tuliporuhusiwa, na tulipoambiwa tuondoke tuliondoka. Nilipoona kwenye filamu jinsi dume wasio na nchi wanavyoishi, kuna jambo moja lililonichoma: hawangurumi. Simba asiye na nchi hunyamaza, maana akijitangaza wenye nchi watamjia. Hula mizoga, huwapora fisi, hupita kando ya vichaka vilivyokojolewa na wenyewe, na akisikia ngurumo za wengine husimama akasikiliza ni wangapi. Nasi miaka ile tuliongea kwa sauti ndogo. Hata sokoni tulinong'ona, tusije tukaulizwa sisi ni watoto wa nani.

Huko mashambani ndiko tulikokutana na wa tatu wetu. Alikuwa mtu wa ziwa, mtoto wa wavuvi, mwembamba, mwenye kucheka ovyo, aliyegombana na baba yake wa kambo na kuapa hatakula tena samaki wake. Sisi wa milimani tuliogopa maji kuliko tunavyoogopa chui. Yeye aliogopa ng'ombe. Alitufundisha kuogelea kwa kututukana, na mdogo wangu akamfundisha kukamua kwa kumtukana vilevile. Alikuwa nyuma yangu kwa miaka miwili ya kuzaliwa, akaanza kuniita yaya, kama anavyoitwa kaka mkubwa kwetu, wala hakuna aliyemwambia aniite hivyo.

Tuliposhuka Uvira, tuliitaka bichi. Ndivyo tunavyokiita kila kipande cha ufuo ambapo maboti ya mbao huegesha yakitoka kusini na mafuta ya mawese, unga wa muhogo, mbao na makaa. Kila bichi ina wabebaji wake, na wabebaji hao hawajaandikwa kwenye karatasi yoyote. Kazi yao hupatikana kwa kuitika. Boti likiwa bado mbali asubuhi, kapiteni haoni vizuri ni watu wangapi wamesimama ufuoni, kwa ukungu na moshi wa majiko. Basi baharia wa mbele hugonga debe la bati mara moja, na kila mbebaji aliyepo hutoa mwito wake mrefu, mmoja baada ya mwingine. Baharia huhesabu kwa vidole. Wakiwa wa kutosha, boti hugeukia kwao, maana mzigo utashuka kabla upepo haujaamka na kuanza kulipiga boti kwenye mawe. Wakiwa wachache, hupita kwenda bichi nyingine. Sheria ni moja: mtu mmoja, sauti moja. Anayeitika mara mbili ni mwizi, hata kama hajagusa mali ya mtu.

Bichi tuliyoitaka ilikuwa ya wazee wawili, na mmoja wao alikuwa na goti bovu. Sitajisafisha hapa. Tuliwavizia. Tulikaa wiki tatu juu ya mawe, tukijifanya tunafua nguo, tukisikiliza sauti mbili zikiitika kila asubuhi. Kisha asubuhi moja debe lilipolia ikaitika sauti moja tu. Mwenye goti alikuwa kitandani. Mtu wa ziwa akanigusa kwa kiwiko, tukasimama, tukaitika watatu.

Boti likatugeukia. Mzee alitujia na mti wa kusukumia boti, akauinua, akatutazama mmoja mmoja, akaushusha. Baada ya wiki hakuonekana tena. Vijana waliokuwa wakijifunza kazi chini ya wazee wale, ambao walikuwa hawajaruhusiwa kuitika, tuliwafukuza wote, hata walioomba kubaki.

Kwenye filamu nayo nchi ilikuwa ya dume wawili, mmoja akichechemea. Wale watatu walipofika mpakani, kwa mara ya kwanza katika maisha yao walinguruma, tena kwa pamoja. Mtangazaji akaeleza kwamba simba husikia idadi: akisikia wanaonguruma ni wachache kuliko wa kwake, huwasogelea, wakiwa wengi kuliko wao, hufikiri mara mbili. Wenye nchi walifikiri, lakini hawakuondoka. Wakapigana. Mwenye kuchechemea alifia kwenye majani, mwenzake akakimbia na hakuonekana tena. Kisha dume wapya wakawaua watoto wa waliowatangulia, mmoja mmoja, huku majike wakiwarukia na kuwararua bila kufaulu.

Saloni nzima ikafyonya. Mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa akamziba macho. "Banafanyaka vile juu ya nini?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma. Nikamtafsiria neno kwa neno: jike anayenyonyesha hapokei dume, na dume hajui atatawala miaka mingapi, kwa hiyo hataki kungoja watoto wa mwingine wakue. Halafu nikasema nina kazi ghalani, nikatoka. Ghalani hapakuwa na kazi yoyote, simenti ilikuwa mahali pake. Nilikaa nikimfikiria yule mzee na mti wake.

Kupata nchi ni siku moja, kazi ni kuishika. Simba hutembea mipaka yao kila siku, hukojolea vichaka, hunguruma jioni na alfajiri hata kama hakuna adui anayeonekana. Walio wawili hushika muda kidogo, watatu au wanne hushika zaidi, na mara nyingi utawala wote hauzidi miaka miwili au mitatu. Sisi tulishika tisa. Tuliitika hata asubuhi zisizo na boti, ili bichi za jirani zijue tupo. Mdogo wangu alikuwa na sauti nene ya kushuka. Yangu ni kali. Ya mtu wa ziwa ilipanda juu na kukatika mwishoni, kama mlango usiotiwa mafuta. Walikuja vijana wa huku na huku kutujaribu, wawili wawili. Tuliitika, wakasikiliza, wakaenda zao. Ziwa lilipopanda na kula nyumba za chini, ufuo wetu ukamezwa, tukahamisha mawe kwa mikono mwezi mzima na kutengeneza mahali papya pa kuegesha.

Niliipenda miaka ile, nasema wazi. Nilioa, nikajenga, nikazaa, lakini furaha yangu kubwa ilikuwa dakika ile ya asubuhi, miguu ikiwa majini, debe likilia, mimi nikiitika wa kwanza nikijua kwamba baada yangu zitafuata mbili.

Kisha mdogo wangu akaanza kuvimba tumbo. Daktari alisema ni ini. Alilazwa, nami nikakaa pembeni ya kitanda nimeshika bakuli lake, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne akaniambia nimwite mwenzetu.

"Mimi si niko hapa?" nilimwuliza.

"Weye unaniangaliaka sawa vile nilishakufa," alisema. "Muite. Ye atanichekesha."

Nikamwita. Alikuja na harufu ya mawese mwilini, akakaa kitandani penyewe, akaanza kumwigiza kapiteni mmoja aliyekuwa na kigugumizi akijaribu kutukana wimbi. Mdogo wangu akacheka hadi chupa ya maji ya dawa ikatikisika kwenye ndoano yake. Mimi nilibaki na bakuli. Siku mbili baadaye alifariki, na kicheko kile kilikuwa cha mwisho nilichokisikia kutoka kwake. Sikukileta mimi. Wivu huo ni wa kijinga, najua, lakini niliingia nao matangani.

Matanga yalikuwa kwangu Mulongwe. Kwetu mambo yako hivi: nje hutandazwa turubai na viti vya plastiki vya wageni, ndani hutandikwa mkeka, na juu ya mkeka hukaa wenye msiba, watoto wa nyumba. Wajomba na baba wadogo walikuwa wameteremka kutoka Bijombo kwa miguu. Mtu wa ziwa akaingia, akavua viatu mlangoni, akaja kukaa mkekani ubavuni pangu, bega kwa bega, akaanza kulia bila kujificha.

Baba mdogo mmoja akaniinamia sikioni. "Huyu njo nani? Iko wa nyumba gani?"

Ningeweza kusema ni wetu. Lingetosha neno moja, na baba mdogo angetikisa kichwa na kuendelea na maombi. Badala yake nikasema kwa sauti, chumba chote kikisikia: "Weye, toka kwa mukeka. Huku ni kwa batoto ba nyumba. Bageni bako inje."

Alifuta machozi kwa kiganja. Akanitazama kuona kama ni uchungu unaosema au ni mimi. "Sawa, yaya," alisema. Viatu vyake vilikuwa vya kamba, ikamchukua muda mrefu kuzifunga pale mlangoni, sisi sote tukimngoja. Akakaa nje na wageni hadi tulipozika. Siku ya kuondoa matanga hakuja, na tangu siku hiyo hakuonekana Uvira.

Nilijiambia nimefanya haki. Nilijiambia bichi ni ya damu yetu, ya watoto wa Bijombo, na kwamba yule alikuwa mgeni aliyejishikiza tu. Hasira ni hasara, lakini hasara haikuletei barua siku ile ile.

Nilirudi ufuoni baada ya wiki mbili. Debe likalia, nikaitika. Boti likapita. Kesho yake nikaitika, likapita. Siku ya tatu lilikuwa boti la mafuta ya mawese, la kapiteni aliyetufahamu tangu mwanzo. Nikaitika kwa sauti yangu. Kisha nikavuta pumzi, nikaishusha sauti, nikaitika kama mdogo wangu. Kisha nikaipandisha na kuikata mwishoni, kama yule niliyemfukuza. Nilikuwa nimewasikia kila siku kwa miaka tisa, niliwaweza wote wawili.

Boti likageuka. Lilipogusa mawe kapiteni akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Benzako bako wapi?"

Nikasema wanakuja. Akangoja. Nikaanza kubeba bidoni, yale madumu ya mafuta, peke yangu, mbili mbili, nikikimbia, lakini upepo ukaamka kabla sijamaliza hata robo, mawimbi yakalipiga boti kwenye mawe, bidoni tatu zikapasuka na maji yote miguuni pangu yakawa mekundu. Kapiteni hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Watu wa ufuoni walikuwa wamemwambia habari ya msiba wetu, akasema polepole, akinitazama usoni, "Papa, weye unaitikaka na sauti ya maiti?"

Habari ilitangulia boti lile kwenye bichi zote. Wiki iliyofuata walikuja vijana watano, wakasimama palepale nilipozoea kusimama, wakaitika sauti tano. Hakuna aliyenigusa. Nilichukua kata yangu ya kubebea, nikapanda kwenda nyumbani, na mke wangu aliponiuliza mbona mapema, nikasema hakuna boti leo.

Ndiyo maana, hata baada ya miaka mingi, nilitaka kujua filamu ile inaishaje. Mmoja wa wale ndugu wawili alipigwa teke na nyati, akafa baada ya siku chache chini ya mti. Wakabaki ndugu mmoja na yule mwenye manyoya meusi. Nikawatangazia watu wa saloni kwa uhakika wote: "Sasa mtaona. Yule mgeni ataondoka, au huyu atamfukuza." Nilikuwa natamani iwe hivyo, Mungu anisamehe. Nilitaka iwe ndivyo dunia ilivyo.

Hakuondoka. Mtangazaji alisema dume waliounganika bila undugu hushikana sawasawa na ndugu, hupigana kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, kwa sababu kila mmoja ameshajua kwamba bila mwenzake hana kitu. Tukaonyeshwa wawili wale wamelala, mmoja ameweka kidevu juu ya mgongo wa mwingine. Nikaacha kutafsiri. "Anasema nini?" watu waliniuliza, na nikasema sijasikia vizuri. Hapo umeme ukakatika.

Ulikatika siku nne. Kila siku nilikwenda kumwuliza kinyozi, hadi akasema, "Papa, weye unataka niuite na filimbi?" Uliporudi alinitumia mtu aje kuniita ghalani, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, akaamua bora aninyoe ndevu palepale.

Waliwajia dume vijana watano. Wawili wale walinguruma, wakasikia jibu, wakahesabu, na bado walisimama. Walipigana hadi walipoona wataangamia, wakakimbia pamoja, wote wakichuruzika damu. Picha ya mwisho ilikuwa ya nchi kavu isiyo na majike wala maji mengi. Wamezeeka, hawangurumi tena, hawana kitu. Wanakula ngiri mmoja, kila mmoja upande wake, bila kugombana.

Nikalia. Nilikuwa nimenyolewa shavu moja, la pili lina povu, nikalia mbele ya vijana wa pikipiki na mbele ya kioo. Wale wameshindwa kama nilivyoshindwa mimi, na vijana watano vilevile. Lakini wao walishindwa wakiwa wawili. Kinyozi aliweka wembe wake chini, akafunga mlango wa saloni wateja wakiwa ndani, akangoja.

"Undugu ni kufaana, si kufanana," alisema baadaye akinifuta uso. "Enda umutafute. Iko muzima."

Nikamwendea kapiteni wa mawese, yule yule, nikamwuliza kwa aibu. Akaniambia mtu wa ziwa yuko kijiji kimoja kusini, kabla ya mji wa Baraka, na kwamba ameoa. Niliomba ruhusa ya siku moja ghalani, nikapanda pikipiki alfajiri. Njia nzima, ziwa likiwa kushoto, nilijifunza maneno yangu. Nitamwambia nilikosa. Nitamwambia kwamba mkeka ule ulikuwa wake. Nitamwomba turudi Uvira tutafute bichi yoyote hata ndogo, na asipotaka, nibaki mimi kwake, tubebe huko. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kwa ngumi, na katika kuwaza kwangu ngumi hiyo ilinifariji.

Nilimkuta amekaa mchangani anashona wavu. Amenenepa. Alipoinua macho alicheka kicheko kile kile, akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Ee, karibu muzee! Karibu sana! Habari ya Uvira?"

Mkewe akatuletea ugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, akanimwagia maji mikononi kwa heshima, akamwuliza mumewe mimi ni nani. "Tulikuwaka tunatumika naye pamoja kule Uvira," alimjibu. Zamani alikuwa akiniita yaya.

Sikuweza kula. Nikayasema maneno yangu yote, nikianzia kwenye mkeka. Alinisikiliza ameshika wavu, na nikaona anajaribu kukumbuka.

"Ile ya matanga?" alisema mwishowe. "Aa muzee, ile miye nilishaisahau. Weye ulikuwa na uchungu. Ilishapitaka."

"Ulinisamehe lini?"

"Siku mingi." Akafikiri. "Sijui hata siku gani."

Alisema kwa wema. Nilimtazama usoni nikitafuta hata chembe ya kinyongo, kitu cha kushikilia, na hapakuwa na kitu. Nikamwomba turudi. Akacheka polepole, akasema huku ana watoto, ana wavu, ana wenzake. Hakusema kwamba nibaki, na sikuthubutu kuuliza.

Tukiwa hapo, boti la wavuvi likafika, wanaume wanne wakaruka majini na kumwita. Akaacha wavu, akakunja suruali, akawakimbilia. Nami nikasimama, nikavua viatu, nikaingia majini hadi magotini na kutafuta mahali pa kushika ubavuni mwa boti. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, akanigusa bega.

"Hapana, papa," alisema. "Ikala tu. Siye tunatosha."

Nikarudi kukaa mchangani. Walikuwa wanne, na yeye wa tano, na boti lilipanda kwa mvuto mmoja.